MAMBO YA NYUMBANI: Ulezi Katika Chungu Chetu

Mwezi huu twataka kunena habari za chakula, na hasa habari za nafaka moja ndogo iitwayo ulezi, ambayo ndugu zetu wa Kenya huiita wimbi.

Sababu ya kuandika ni hii. Siku hizi katika maduka makubwa ya miji imeonekana nafaka ngeni iitwayo kwinoa. Asili yake ni milima mirefu ya Peru na Bolivia, katika Amerika ya Kusini, ambako watu wameilima kwa maelfu ya miaka. Ni chakula chema, na wenyeji wake huiosha sana kabla ya kuipika, ili kuondoa uchungu ulio katika ganda lake. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2013 kuwa mwaka wa kwinoa, na sifa zake zikaenea duniani. Kwetu huuzwa ghali. Basi wako wasomaji waliotuuliza kama yafaa kuinunua kwa ajili ya afya ya watoto.

Jibu letu ni kwamba mwenye uwezo na anunue, hakuna ubaya. Lakini wahenga walisema, Usiache mbachao kwa msala upitao. Umoja wa Mataifa uo huo uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa ulezi, uwele na nafaka nyingine ndogo za jamaa hiyo. Yaani wageni wamekuja kusifu kitu kilicho darini mwetu, nasi wenyewe tumekipa kisogo. Kwa hiyo leo twaeleza jinsi ya kuupika ulezi kwa njia nyepesi, na hasa jinsi ya kumpikia mtoto mchanga aliyeanza kula.

Nafaka ya kwetu

Ulezi haukuletwa kwetu na jahazi wala meli. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, upande wa Ethiopia na Uganda, na kutoka huku ulivuka bahari zamani za kale hata ukafika India, ambako mpaka leo huliwa na watu wengi nao huuita ragi. Mahindi, ambayo sasa twayadhani kuwa chakula cha mababu, yalitoka Amerika, yakaja baada ya Wareno. Kabla ya hapo watu wa Ufipa, wa Kisii, wa Teso na wa nchi nyingine nyingi walikula ulezi, mtama na uwele.

Kwa nini basi umeachwa? Hatuwezi kuwalaumu mama zetu. Kulima ulezi ni kazi ngumu. Mbegu ni ndogo mno, tena kuna gugu linalofanana nao sana lingali changa, hata mpaliliaji hana budi kuinama siku nzima akichagua mche mmoja mmoja. Mahindi hupandwa upesi, hupaliliwa upesi, na unga wake ni mweupe. Watu wakaona weupe ni ustaarabu, na wekundu wa ulezi ni dalili ya umaskini. Hayo ya pili hayana maana, nasi twawasihi wasomaji wayaache.

Faida yake, na kipimo cha faida hiyo

Katika gramu 100 za ulezi mna zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, yaani madini yajengayo mifupa na meno. Mahindi ya kiasi hicho hicho yana kidogo sana, na mchele vivyo hivyo. Tena ulezi una madini ya chuma yanayohitajiwa na damu, na kwa kuwa husagwa pamoja na ganda lake, makapi yake husaidia tumbo kufanya kazi vema.

Lakini hatupendi kusifu kupita kiasi. Protini ya ulezi si nyingi, nayo haizidi ile ya mahindi. Kwa hiyo ulezi peke yake haumtoshi mtoto wala mtu mzima, bali hutaka mwenziwe: maharage, kunde, karanga, maziwa, mayai au dagaa. Tena katika ganda lake mna vitu vinavyozuia mwili usipate madini yote yaliyomo. Dawa yake ni kuuloweka, kuuotesha au kuuchachusha, mambo ambayo bibi zetu waliyafanya kabla ya mtu yeyote kuyapima. Mlo wa ulezi ukifuatwa na papai, chungwa au embe, mwili hupokea madini ya chuma vizuri zaidi. Ukifuatwa na chai kali, hupokea kidogo. Afadhali chai ingoje kwanza.

Kuusafisha

Watu wengi huuchukia ulezi kwa sababu ya mchanga, na mchanga hutoka mahali pa kupuria. Asiyeupura juu ya ardhi tupu, bali juu ya jamvi au turubai, amekwisha kupunguza nusu ya taabu. Upepete katika ungo, kisha uutie katika sufuria yenye maji mengi. Tikisa kwa mkono, umimine ulezi pamoja na maji katika chombo cha pili taratibu. Mchanga hubaki chini. Fanya hivyo mara 3 au 4 mpaka chini pasibaki kitu. Halafu uanike juani juu ya jamvi safi hata ukauke kabisa, ndipo uupeleke mashineni. Usisage mwingi kwa mara moja. Nafaka nzima iliyokauka vema hukaa miaka mingi bila kubunguliwa, lakini unga huharibika ladha yake mapema.

Uji wa nyumba nzima

Kwa watu 4, twaa kikombe 1 cha unga wa ulezi na vikombe 6 vya maji. Chemsha vikombe 4 katika sufuria. Vile viwili vilivyobaki ukorogee unga, ukiwa baridi, usije ukafanya madonge. Maji yachemkapo, mimina huku ukikoroga kwa mwiko, upunguze moto, na uache utokote dakika 15 hata 20. Tia chumvi kidogo. Ukitaka utamu, ponda ndizi mbivu moja au mbili ndani yake, nawe hutahitaji sukari nyingi. Maziwa hutiwa mwishoni, na wapendao ukali hukamua ndimu au hutia maji ya ukwaju.

Njia nyingine ni kuukoroga unga na maji tangu jana yake, ukaufunika kwa kitambaa safi mpaka uchachuke, ndipo ukaupika. Uji huo ni mtamu zaidi kwa watu wengi, na madini yake hufunguka.

Uji wa mtoto, na kazi ya kimea

Sasa tumefika penye jambo kubwa, nasi twaomba kila mama na kila baba asome taratibu.

Katika hesabu iliyofanywa Tanzania mwaka 2022, kati ya watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 30 walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao hakikulingana na umri wao. Katika mkoa wa Iringa walizidi nusu, na katika Rukwa walikuwa karibu na nusu. Yashangaza, maana mikoa hiyo ndiyo yenye mavuno mengi, tena Rukwa ni nchi ya ulezi. Ghala imejaa, na mtoto hakui. Mtoto aliyedumaa hapungukiwi kimo tu, bali akili yake pia hukosa nguvu ya kujifunza, na akiisha kupita miaka 2 ni vigumu sana kuyarudisha yaliyopotea. Mwalimu humwona darasani akimdhania kuwa mvivu, kumbe alinyimwa haki yake kabla hajajua kusema.

Sababu za udumavu ni nyingi, kama magonjwa ya kuhara, maji machafu, na mama mwenyewe kukosa chakula na mapumziko alipokuwa mjamzito. Lakini iko moja iliyo jikoni. Tumbo la mtoto ni dogo. Mtoto wa miezi 8 hushiba kwa nusu kikombe cha uji. Mama, akitaka uji umezwe kwa urahisi, huufanya mwepesi kama maji. Mtoto hunywa, tumbo hujaa, lakini alichopokea ni maji mengi na unga kidogo. Akiufanya mzito, mtoto hushindwa kuumeza. Mama afanyeje?

Jibu ni kimea, nacho si kigeni kwetu. Kila mpika pombe anakijua. Wachaga hupika mbege kwa ndizi na kimea cha ulezi, na watu wa kusini hutengeneza togwa kwa kimea hicho hicho. Nafaka ikiota, hufanya ndani yake nguvu ya kuyeyusha wanga, na kimea kidogo kikitiwa katika uji mzito uliopoa kiasi, uji huo hulainika na kuwa mwepesi bila kuongezwa maji. Taasisi ya Chakula na Lishe ya Tanzania ilipima jambo hili katika miaka ya 1980, ikaona kuwa mtoto aweza kunywa uji wenye unga mwingi kuliko ule wa kawaida mara mbili na zaidi. Ujuzi tulikuwa nao siku zote. Kilichobaki ni kuutoa katika mtungi wa pombe na kuutia katika bakuli la mtoto.

Kutengeneza kimea ni hivi. Osha ulezi uliosafishwa, uuloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, utandaze ulezi juu ya kitambaa safi kilicholowana, uufunike kwa kingine, na uunyunyizie maji safi asubuhi na jioni. Baada ya siku 2 utaona vichipukizi. Anika juani mpaka vikauke kabisa, visugue kwa mikono ili vidondoke, upepete, na usage. Weka katika chombo kikavu chenye kifuniko. Tengeneza kidogo kidogo, kwa maana kimea kilichoshika unyevu huota kuvu.

Hapa kuna onyo. Kimea cha mtoto na kiwe cha ulezi, wala si cha mtama. Vichipukizi vya mtama vina sumu ndani yake, na asiyejua kuviondoa vyote aweza kumdhuru mtoto.

Kuupika uji wenyewe: kwa kikombe 1 cha maji twaa vijiko vikubwa 4 vya unga wa ulezi, au nusu ulezi na nusu mahindi. Pika mpaka uwe mzito na umeiva vema. Epua, uache upoe kidogo, uwe wa moto lakini usichemke, kwa kuwa uji unaochemka huua nguvu ya kimea. Tia kijiko kidogo 1 cha kimea, ukoroge. Kwa muda wa dakika chache utauona unalainika mbele ya macho yako. Kisha urudishe motoni uchemke tena, ili vijidudu vyovyote vilivyokuwa katika kimea vife. Mwisho tia kijiko cha karanga zilizosagwa, au dagaa waliokaushwa na kutwangwa laini, au maziwa. Apoapo, mlishe kwa kikombe na kijiko, si kwa chupa, maana chupa ni vigumu kuisafisha.

Mtoto asipewe uji huu wala chakula kingine chochote kabla ya kutimiza miezi 6. Mpaka hapo maziwa ya mama yanamtosha, hata maji hayahitaji. Akitimiza miezi 6 aanze kwa vijiko 2 au 3, mara 2 au 3 kwa siku. Tangu miezi 9 apewe mara 3 au 4, akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Wala uji usiwe chakula chake cha pekee. Ampate na mboga iliyopondwa, na yai, na tunda. Tena ulezi si dawa. Mtoto ambaye mkono wake wa juu, ukipimwa kwa utepe wa kliniki, hauifikii sentimita 11.5, au aliyevimba miguu yote miwili, ni mgonjwa, na apelekwe zahanati siku ile ile.

Togwa, ugali na chapati

Togwa ya watu wa Songea na jirani zao hupikwa hivi: pika uji mzito wa mahindi, uupooze mpaka uwe vuguvugu, utie kimea cha ulezi, ufunike, na uuache usiku mmoja. Asubuhi umekuwa mtamu wenye ukali kidogo, wala haulevyi. Wataalamu walioupima waligundua kuwa ukali ule huzuia vijidudu vya kuhara visistawi. Lakini usiuache siku nyingi, maana safari yake ya mbele ni pombe.

Kwa ugali, ulezi peke yake hunata, kwa hiyo changanya sehemu 2 za unga wa ulezi na sehemu 1 ya unga wa muhogo au wa mahindi. Huko Uganda ugali wa namna hii huitwa kalo, nao ni chakula cha heshima mbele ya mgeni. Songa kwa moto wa wastani, na uupe muda zaidi ya ugali wa mahindi. Huenda vema na mlenda, majani ya kunde, maharage au maziwa ya mgando.

Kwa chapati, chukua kikombe 1 cha unga wa ulezi na vikombe 2 vya ngano, chumvi, na vijiko 2 vya mafuta. Kanda kwa maji ya moto kiasi, uache unga upumzike nusu saa, kisha usukume na kuchoma. Usizidishe ulezi, kwa kuwa hauna ule unato wa ngano unaoshika donge, na chapati itakatika mkononi.

Kuhusu unga wa kuchanganya

Wengi siku hizi husaga pamoja mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga na vingine vingi, wakiuita unga wa lishe, wakidhani wingi wa aina ndio wingi wa faida. Sivyo. Soya isiyopikwa au kukaangwa kwanza humzuia mtoto asipate protini yake. Na karanga zikikaa ndani ya unga muda mrefu huharibika, unga wote ukaharibika nazo. Yatosha nafaka moja au mbili, na vitu vyenye mafuta vitiwe wakati wa kupika. Tena chagua kwa macho na pua kabla ya kusaga. Nafaka au karanga yenye kuvu haifai kwa mtoto, wala kwa kuku. Mwaka 2016 katika Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Neno kwa baba na kwa walimu

Enyi akina baba, ulezi sokoni mara nyingi ni ghali kuliko mahindi, nasi hatusemi mle huo tu. Lakini kilo 1 ya unga hutoa sufuria 8 za uji kwa kipimo tulichotaja, na kwa mtoto mmoja ni siku nyingi. Mavuno yanapogawanywa, ulezi wa mtoto utengwe kwanza, uwekwe katika chombo chake, na mtu asiuguse kwa ajili ya pombe ya arusi wala ya matanga. Haki hiyo yailinda nani, kama si baba? Na mama anayepalilia, kupepeta, kusaga na kupika peke yake atachoka na kurudi kwenye uji wa maji. Kuteka maji na kupasua kuni si aibu kwa mwanamume.

Enyi walimu, mkiwa na kipande cha ardhi shuleni, pandeni ulezi kwa mistari, maana ukipandwa hivyo gugu huonekana upesi. Wafundisheni wasichana na wavulana pamoja kuotesha kimea. Ni somo la sayansi lisilohitaji chombo cha kununua. Pikeni sufuria mbili za uji mzito, moja mtie kimea na nyingine msitie, watoto waone wenyewe. Kila mmoja atakwenda nyumbani na habari hiyo, na nyumbani labda yuko mdogo wake wa miezi 7.

Haba na haba hujaza kibaba. Kijiko kimoja kidogo cha kimea kila siku, tangu miezi 6 mpaka miaka 2, ni kitu chepesi mkononi mwa mama.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutanena habari za kukausha mboga za majani kwa ajili ya kiangazi. Kaeni salama.